Maandalizi ya Krismasi yaanze na mtoto, siyo na mbuzi

Desemba imeingia na katika nyumba nyingi za Wakristo hesabu zimeanza. Nauli ya kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, mbuzi wa kuchangia na ndugu, mchele kilo ngapi, gauni la mtoto na viatu vyake. Makanisani tayari ni Majilio, zile wiki nne za kujiandaa, na vitambaa vya zambarau vimetandikwa madhabahuni. Safu hii haina ugomvi na mbuzi wala gauni. Tunauliza jambo moja tu: katika orodha hiyo, mtoto mwenyewe anaandaliwa lini?

Swali hilo ni la afya. Siku ya sikukuu nyumba huwa na moto mwingi kuliko kawaida, watu wengi kuliko kawaida, na mtoto asiye na kazi ambaye hakuna mtu mmoja aliyepewa jukumu la kumwangalia. Dada wa kazi alisharuhusiwa kwenda kwao tangu tarehe 20. Mama yuko jikoni, baba yuko nyuma ya nyumba na wachinjaji. Shangazi anadhani mtoto yuko kwa bibi, na bibi anadhani yuko kwa shangazi. Katika dakika hizo ndipo mtoto wa miaka miwili anavuta kitambaa cha meza yenye chupa ya chai, au anarudi kinyumenyume kuelekea sufuria ya mafuta ya maandazi.

Watoto wengi wanaoungua huungulia nyumbani, na walio chini ya miaka mitano huunguzwa zaidi na vitu vya majimaji: chai, uji, maji ya kuoga, mafuta. Jeraha la namna hiyo haliishi Januari. Ngozi ikipona vibaya hukaza, vidole vikashikana, kiwiko kikakataa kunyooka, na mtoto akahitaji upasuaji kila anapokua.

Tunachosema ni kwamba zile shughuli za Majilio ambazo familia nyingi huziona kama mapambo tu ndizo zinazoweza kumwandaa mtoto kwa siku hiyo, kiroho na kiafya, zikifanywa naye kweli na kwa wiki zote nne.

Tuanze na mishumaa minne. Desturi hii inasimuliwa kuwa ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini katika makao yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, ukawashwa mmoja kila siku. Alikuwa amegundua jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: mtoto wa miaka minne hajui "wiki tatu zijazo" ni nini. Anajua anachokiona. Akiona kipimo cha kungoja, wasiwasi unapungua, na kilio cha "lini, lini" kinapungua pia.

Nyumbani si lazima iwe mishumaa. Mawe manne yaliyopakwa rangi, mtoto akigeuza moja kila Jumapili jioni baada ya sala, yanafanya kazi ileile. Anayetaka mishumaa aiwashe mtu mzima, isimame kwenye bakuli la mchanga, na izimwe kabla watu hawajaondoka mezani. Isikae karibu na pazia, na kamwe isiingie chumba chenye chandarua, maana vyandarua vingi ni vya nyuzi za plastiki na huwaka kwa kasi ya kutisha.

Pango ni kazi nzuri zaidi, na ni ya bei rahisi. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa lake kijijini Greccio mwaka 1223, akitaka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Yesu. Mtoto apewe udongo wa kufinyanga ng'ombe na wachungaji, na majani makavu ya mgomba ya kuezekea. Siku kadhaa za mikono yenye udongo, akiongea na mzazi, ni bora kuliko siku kadhaa za katuni. (Pamba tunazotandaza eti ni theluji tuwaachie wanaoishi kwenye theluji. Kwetu iko kileleni Kibo, na huko hakuna wachungaji.) Ila pango la majani makavu halitiwi mshumaa ndani. Kama unataka mwanga, tumia tochi.

Kisha kuna mazoezi ya igizo na kwaya. Tunayaunga mkono kwa moyo wote: mtoto anayesimama mbele ya watu na kusema maneno mawili ya malaika anajenga ujasiri asioupata kwingine. Lakini mazoezi yanaisha saa mbili usiku, na nani anamrudisha? Wanaoandaa mazoezi wamalizie mchana, au wazazi wapange zamu za kuwafuata. Na mkesha wa tarehe 24 ukiwa wa usiku wa manane, mtoto alale mchana wake. Mwenye miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, naye Krismasi hailegezi mahitaji hayo.

Wiki ya mwisho iwe ya jikoni, na hapa tunamwomba mzazi asiwe na haraka. Mtoto anafukuzwa jikoni kila mara, na kila mara anarudi, kwa sababu ndiko kuliko na harufu na vicheko. Badala ya kumfukuza, mpe kazi na mpe mpaka. Chora mstari wa chaki au majivu hatua mbili za mtu mzima kutoka kwenye jiko au mafiga, na mfundishe siku kadhaa kabla kwamba hakuna mtoto anayeuvuka. Upande wake wa mstari kuna kazi tele: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kuhesabu sahani, kupanga vikombe. Mikono ya sufuria ielekee ukutani. Gauni jipya la nailoni lenye marinda livaliwe jiko likishazimwa, kwa kuwa nguo ya aina hiyo ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Na wenye miaka sita na zaidi wafanye zoezi kama mchezo: nguo ikishika moto usikimbie, simama, lala chini, biringika.

Akiungua, mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo barafu. Siyo dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala samli. Mvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, ila kilichoganda kwenye ngozi kiache. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio. Mafuta ya taa nayo yasihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mkimbize hospitali.

Kuna maandalizi mengine ambayo wazazi wa Kikristo huyakwepa kwa sababu ni mazito kuyasema. Nyumba ya bibi itakuwa na wageni kumi na watano, na watoto watalala popote penye nafasi, na binamu wakubwa, wajomba na majirani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Kwa hiyo jioni moja ya Majilio, mkiwa mmekaa na mtoto mkifinyanga ng'ombe wenu wa udongo, mwambie kwa lugha yake kwamba mwili wake ni wake, kwamba hakuna mtu, hata mjomba anayeleta zawadi, anayeruhusiwa kumshika sehemu za siri, na kwamba siri ya namna hiyo haifichwi kwa mama wala baba. Asilazimishwe kumkumbatia au kumkalia mapajani mgeni asiyemtaka. Salamu ya shikamoo inatosha kabisa na heshima haijapungua. Panga mapema nani analala wapi. Jambo likitokea, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kwa wanaosafiri, begi la mtoto nalo lipakiwe pamoja naye, akiona. Mwenye selimundu anayetoka joto la Dar es Salaam kwenda baridi ya Rombo au Makete achukue sweta, soksi na dawa za kutosha hadi Januari, na anywe maji njiani hata kama kuchimba dawa kunakera dereva, maana baridi na upungufu wa maji huamsha maumivu. Mwenye pumu achukue kivutio chake, mwenye kifafa dawa zake, na chandarua kiende kwa wanaoshuka kwenye mbu. Pakiti mbili za ORS hazina uzito. Pilau lililolala nje usiku kucha asipewe mtoto asubuhi, hata likipashwa likachemka, kwa sababu sumu ya baadhi ya vijidudu haifi kwa moto wa kupasha. Karanga na pipi ngumu zisifike mikononi mwa walio chini ya miaka mitano.

Na pale ambapo fedha hazipo mwaka huu, mtoto aambiwe sasa, Jumapili ya mawe mawili, siyo asubuhi ya tarehe 25. Aliyeambiwa mapema kwamba hakuna gauni jipya, na kwamba lile la mwaka jana litaongezwa upindo, atalia leo na kumaliza. Mshirikishe kuchagua kifungo au utepe wa kulipambia.

Asubuhi ya Krismasi, kabla moto haujawashwa, watu wazima wagawane zamu kwa majina: nani yuko na watoto kuanzia saa mbili hadi saa nne, nani anampokea. Mwenye zamu hapiki, hachinji na hashiki simu. Anayemaliza amwendee anayefuata, amwambie, "Watoto wako kwako sasa," na asiondoke mpaka ajibiwe.