Malezi ya Wana: Darasa la Kwanza Mbali na Pwani



Tumepokea barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye sasa anaishi Migori pamoja na mumewe mfanyabiashara. Binti yao wa kwanza anamaliza chekechea, na Januari ataingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 6. Katika shule iliyo jirani yao watoto wa Kiislamu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Bibi yake mtoto, aliyeko Mombasa, ameshasema neno lake: mtoto aletwe akae naye, asome shule na chuo miongoni mwa Waislamu wenziwe. Baba anaelekea kukubali. Mama hapati usingizi. Anatuuliza, afanyeje?

Swali hili si lake peke yake. Jamaa zetu wengi wameufuata mkate wao bara, wakafika Migori, Homa Bay na miji mingine ya ziwani, na kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, nyumba nyingi huingia katika mashauri haya. Tunamheshimu bibi, na hofu yake tunaijua, kwa kuwa imetokana na mapenzi. Hata hivyo rai yetu ni kwamba mtoto abaki na wazazi wake. Sababu yetu ni hii: mtoto wa miaka 6 hajifunzi dini kwa wingi wa Waislamu walioko darasani. Huijifunza kwa yule anayemwamsha alfajiri, anayemnawisha, anayemwonyesha jinsi ya kula na kuamkia watu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka 7. Mwaka huo ukifika, ni bora awe ubavuni mwa mama yake juu ya mswala kuliko kumsikia kwenye simu.

Wala Uislamu si mgeni katika nchi ile. Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, ilikuwa bandari ya meli za ziwani, na msikiti mkongwe wa Tawakal ungali unasimama pale. Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama, asili yake ni karibu na mji huo, na alisilimu akiwa mtu mzima. Kwa hiyo dada yetu asidhani kwamba ametupwa jangwani. Aulize palipo msikiti, atawakuta akina mama waliokwisha kuipita njia hii, wengine wao Wajaluo wenyewe waliolelewa katika Uislamu.

Mtoto akibaki, basi ni wajibu wa wazazi kumwandaa. Tunaona wengi hufikiri kwamba maandalizi ni kumkaririsha herufi na hesabu hadi machozi yamtoke. Hayo mwalimu atayafundisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haiiruhusu shule ya serikali kumfanyia mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Mtihani ni wa kumjua tu awekwe wapi. Yako mambo mengine ambayo mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kuyafundisha, na hayo ndiyo ya nyumbani.

La kwanza ni lugha. Kwa sera ya elimu ya Kenya, madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya wakazi wa eneo la shule, na katika miji yenye mchanganyiko hutumiwa Kiswahili. Migori mjini huenda Kiswahili cha binti yetu kikamfaa darasani, lakini uwanjani wenzake watacheza kwa Kijaluo, na akienda upande wa Kuria atakisikia Kikuria. Mwacheni acheze na watoto wa majirani kuanzia sasa. Akijua kusema oyawore asubuhi na erokamano anapopewa kitu, na akijua kwamba pi ni maji, hataingia darasani kama bubu. Mtoto aliyekosa maneno ya kuombea maji au ruhusa ya kwenda chooni hunyamaza, na kimya hicho humfanya aonekane mzito wa akili ilhali sivyo.

La pili ni choo. Wazazi huona haya kulitaja, na mtoto ndiye anayeteseka. Nyumbani amezoea kujisafisha kwa maji; shuleni huenda asikute kopo wala bomba karibu. Mnunulieni chupa ndogo isiyovuja, itiwe alama, mumfundishe kuijaza na kuitumia peke yake, kuvua na kuvaa nguo zake bila msaada, kisha kunawa mikono kwa sabuni. Afanye hivyo kila siku kwa mwezi mzima kabla ya shule kufunguliwa. Mtoto asiyejua hilo hujizuia kutwa nzima, akarudi nyumbani anaumwa na tumbo, na wazazi wakadhani haipendi shule.

La tatu ni kwenda kuzungumza na shule, na hili ni la baba na mama pamoja. Msimwachie mtoto wa miaka 6 kazi ya kuieleza dini yenu kwa watu wazima. Nendeni kabla ya siku ya kwanza, mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa, mumwone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Ulizeni kuhusu somo la dini. Elimu ya Dini ya Kiislamu imo katika mtaala kama ilivyo ile ya Kikristo na ya Kihindu, lakini si kila shule ina mwalimu wake. Asipokuwepo, kubalianeni mapema mtoto atafanya nini kipindi hicho. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inamlinda kila mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Semeni hayo kwa upole, kama watu waliokuja kutafuta mwenzi wa malezi. Mwalimu aliyeheshimiwa Januari atawatetea ifikapo Julai.

Kuhusu mtandio, tusidanganyane kwamba jambo limekwisha. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana wa Kiislamu katika kesi ya shule moja ya Isiolo, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mahali pengi mambo hutegemea kanuni za shule na maelewano na bodi yake. Binti wa miaka 6 bado hajafikia umri wa kulazimika kujisitiri kama mtu mzima, lakini kumzoesha ni jambo jema. Shule ikiridhia, mshoneeni mtandio mfupi wa rangi ya sare, wenye lastiki, usiohitaji pini. Ikisita, msimtumie mtoto kuwa uwanja wa vita. Endeleeni kuzungumza na bodi ninyi wenyewe, naye aendelee kusoma.

Chakula kisiwatie hofu kubwa. Githeri, ugali, maharagwe na samaki wa ziwani ni halali yetu sote. Mfundisheni neno moja tu kwa ajili ya nyama: aseme kwa adabu kwamba kwanza atamuuliza mama. Na mfundisheni asikunje uso mbele ya chakula cha mwenzake wala asimcheke mtoto anayeomba dua kwa namna nyingine. Tukitaka dini yetu iheshimiwe, heshima hiyo ianze kinywani mwa wana wetu.

La nne ni afya. Anayetoka pwani anaijua malaria, lakini kandokando ya ziwa ugonjwa huo ni mkali na haupumziki. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga, na uzinduzi wake ulifanyika Homa Bay. Watoto wa mwanzo kuipata wamekwisha kufikia umri wa darasa la kwanza. Hata hivyo chanjo hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Chandarua kibaki juu ya kitanda kila usiku. Mfundisheni binti kumwambia mwalimu mara tu anapohisi baridi, joto au kichwa kuuma. Naye mzazi asimpeleke shule mtoto mwenye homa kwa kuogopa kwamba atapitwa na masomo. Ampeleke hospitali akapimwe.

La tano ni chuo. Tumewaona watoto wanaotolewa shule mchana, wakapelekwa chuoni bila kula wala kupumzika, kisha wakarudi usiku wakisinzia juu ya juzuu. Mtoto wa namna hiyo huichukia Qurani bila kukusudia. Katika mwaka huu wa kwanza, aya chache kila siku baada ya kula na kulala kidogo zinatosha. Kama chuo kiko mbali, mama au baba amsomeshe mwenyewe, na mwishoni mwa wiki apelekwe msikitini akaone watoto wenziwe. Muhimu ni kutokatika.

Na bibi je? Msimjibu kwa ukali wala kwa kimya. Mpeni sehemu yake. Jioni za Alhamisi mtoto ampigie simu, amsomee sura aliyohifadhi, naye bibi amsimulie visa vya Mitume. Likizo ikifika, mpelekeni Mombasa akae naye, asome chuo cha mtaani, anuse bahari. Bibi hatapoteza mjukuu, na mjukuu hatapoteza wazazi.

Dada yetu, siku ile ya kwanza mfungeni vizuri kamba za viatu, mumsomee dua, mumpeleke nyote wawili mkimshika mikono, kisha mwachieni mlangoni kwa uso mkunjufu. Akilia, mwambieni saa mtakayorudi, na mrudi saa ile ile. Mtoto akiona ahadi ya mzazi haivunjiki, kesho yake atakwenda mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu popote walipo, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wachunga wema wa amana hii. Amin.