Viwanja vya Themi visifungwe baada ya Nane Nane
Mtalii akifika Brisbane, Australia, hukaa mjini siku kadhaa. Hupanda boti ya abiria mtoni, hushuka bustani ya South Bank, hula na kununua humo humo. Eneo hilo lilikuwa uwanja wa maonyesho ya dunia mwaka 1988. Yalipokwisha, serikali ilitaka kuliendeleza kibiashara; wananchi wakapinga, na mwaka 1992 likafunguliwa kuwa bustani ya umma.

Kila Agosti viwanja vya Themi, Njiro, hujaa wakulima wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Nane Nane ikipita, mabanda mengi hufungwa. Mtalii naye hulala Arusha usiku mmoja, asubuhi yuko njiani kwenda Ngorongoro. Kahawa ya Meru akiinywa, anainywa hotelini, na aliyeilima hamjui.

Soko la kila Jumamosi pale Themi, la kahawa iliyokaangwa, asali, ndizi na parachichi, linahitaji maji, vyoo safi, bei zilizobandikwa na ushuru usiommaliza mchuuzi kabla hajauza. Watalii peke yao hawatalibeba: masika, Aprili na Mei, hupungua sana. Mteja wa kwanza awe mkazi wa Njiro. Wasimamizi wa viwanja waanze kwa kutaja kodi ya banda kwa siku moja, ili hata mwenye mikungu mitatu apige hesabu yake.