Daftari la Wiki: Mpeni Kijana Kitabu cha Kuchekesha

Vitabu teule

Mama mmoja aliniuliza wiki hii amnunulie kitabu gani binti yake anayeingia kidato cha kwanza, mtoto ambaye hashiki kitabu mpaka mtihani ukaribie. Nilimjibu amtafutie kitabu cha kuchekesha. Alidhani namtania, kwa hiyo nikaahidi kumweleza kwa maandishi, na daftari la leo ni la jambo hilo moja.

Tuanze na vitabu ambavyo kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne Tanzania wamevisoma katika somo la Kiswahili. *Takadini* ya Ben Hanson: mama anakimbia na mtoto wake albino asije akauawa. *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo: watoto wanasukumwa mitaani na ufukara. *Kilio Chetu* na *Orodha*: UKIMWI unapukutisha vijana. Ni kazi nzuri na zinasema kweli. Lakini kijana wa miaka 15 akizisoma mfululizo anaweza kumaliza shule akiamini kwamba kitabu chenye maana lazima kiishie makaburini.

Bahati njema, humo humo yumo Ngoswe, afisa wa sensa wa marehemu Edwin Semzaba, aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akanasa kwa binti wa mwenyeji wake, karatasi za serikali zikaishia motoni. Nikikaa na watu waliomaliza sekondari zamani, huyo ndiye wanayeweza kumsimulia mwanzo hadi mwisho bila kukumbushwa. Wengine wanarudi nyuma zaidi, wanamtaja Bulicheka na Wagagagigikoko wa vitabu vya shule ya msingi, na nyuso zao zinakunjuka papo hapo.

Moses wa Mukibi

Kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara nilipata nakala ya *Moses* ya Barbara Kimenye. Jalada limechanika, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na pembeni mwa ukurasa mmoja kuna mkono wa mtoto aliyeandika kwa penseli: ha ha ha. Hapana jina wala tarehe. Sijaona uhakiki wa kitabu unaonishawishi kuliko huo.

Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaolewa na kijana wa Bukoba, wakaja kuishi kando ya Ziwa Viktoria. Baadaye alihamia Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka, kisha akaingia kwenye uandishi wa habari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuandika visa vya Moses, mvulana wa shule ya bweni. Shule yenyewe ina jina la kifahari: Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Ukiingia ndani unakuta wavulana walioshindikana kwingine, chakula kisicholika na walimu waliokwishachoka. Kila jina hilo refu linapotajwa msomaji anacheka, kwa sababu ameshaliona bwalo la chakula.

Mtoto wa Afrika Mashariki aliyesoma visa hivyo alikuwa anasoma habari za bweni analolijua: tranka chini ya kitanda, kiranja mnoko, njama za usiku za kutafuta cha kula. Na Kimenye hakumkatiza Moses kila ukurasa ili atoe wosia. Moses anakosea, anakamatwa, anajieleza, anaingia matatani upya. Adabu anajifunza kwa kuumbuka, na msomaji anajifunza pamoja naye bila kuhubiriwa. Visa hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Kimenye alifariki mwaka 2012, na mimi bado natamani kumwona mvulana wa namna hiyo akizungumza Kiswahili cha bwenini, ukurasa baada ya ukurasa.

Kengele zilizogoma kufutika

Mwaka 1982 Sue Townsend wa Leicester, Uingereza, alitoa shajara ya Adrian Mole, mvulana wa miaka 13 na miezi tisa. Adrian anataka kuonekana mtu mzima, basi anapaka chumba chake rangi nyeusi. Karatasi ya zamani ukutani ina picha za Noddy, kijana wa vitabu vya watoto wadogo mwenye kofia ya kengele. Adrian anapaka mkono wa kwanza, kengele zinaonekana. Anarudia, bado zinachungulia. Mwishowe anakaa kuzipaka moja moja kwa kalamu nyeusi. Utoto umegoma kutoka ukutani, na yeye yuko mbioni kuuficha.

Hapo ndipo ilipo siri ya vitabu vya aina hii. Adrian anaandika kila anachokiona, lakini hakielewi. Anaeleza jinsi jirani anavyomsaidia mama yake kazi za nyumbani, na kurasa nyingi kabla yeye hajang'amua, msomaji ameshajua kwamba ndoa ya wazazi inavunjika. Hakuna aliyemwambia msomaji. Amesoma kati ya mistari peke yake, na kicheko chake ndicho ushahidi kwamba ameelewa. Tunawatungia wanafunzi maswali ya ufahamu kumi kwa kila kifungu. Kitabu cha kuchekesha kinauliza swali lake katika kila ukurasa, na anayejibu hujibu kwa mbavu.

Townsend mwenyewe alichelewa kusoma, alikaribia miaka minane bila kujua. Vilivyomvuta ni visa vya William, mvulana mtundu aliyetungwa na Richmal Crompton, aliyekuwa mwalimu. Kitabu cha kwanza cha William kilitoka mwaka 1922. Townsend aliacha shule mapema, akafanya vibarua, akalea watoto huku akiandika kwa siri usiku. Mwalimu aliandika utundu wa mtoto, mtoto mwingine akajifunza kusoma kwa utundu huo, naye akakua akaandika kitabu kilichosomwa na mamilioni. Mnyororo wa namna hiyo hauanzi usipokuwa na kitabu cha kwanza.

Ukurasa wenye mistari

Ukifungua kitabu cha Jeff Kinney, *Diary of a Wimpy Kid*, unakuta karatasi yenye mistari kama ya daftari, mwandiko unaofanana na wa mkono, na kati ya maneno, kikatuni chenye kichwa cha mviringo na unywele mmoja mmoja. Maneno yanasema hivi, picha inasema vile. Greg, mwenye shajara hiyo, anaandika kwamba alitenda kwa busara. Mchoro ulio chini yake unamwonyesha akimtosa rafiki yake Rowley. Msomaji analinganisha, anamkamata Greg akidanganya, anacheka.

Kinney aliukusudia mchezo huo kwa watu wazima wanaokumbuka shule. Ulianza kwenye intaneti mwaka 2004, na kitabu kilipotoka mwaka 2007 kikawa cha watoto moja kwa moja. Watoto wa shule za hapa wanaosoma Kiingereza wanaazimana nakala mpaka uti wa kitabu unaachia. Wazazi wengine wanalalamika kwamba picha ni nyingi mno. Mimi nawaomba watazame mtoto anavyosoma: jicho linashuka kwenye picha, linarudi juu kwenye sentensi, linaisoma tena kwa mashaka. Huko kurudi juu ndiko kusoma kwenyewe.

Na sisi tuna historia ya katuni ya kujivunia. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru*, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika *Taifa Leo*, jarida la *Sani* na watu wake kina Ndumilakuwili: vizazi vizima vilijizoeza kusoma hapo. Nchini Kenya, jarida la *Shujaaz* lilipoanza mwaka 2010, liliwafuata vijana na Sheng yao wenyewe. Wachoraji tunao, na wasomaji wako tayari. Kinachokosekana ni kitabu kamili chenye jalada, kinachokaa kwenye rafu ya maktaba ya shule na kuazimwa mpaka kichakae.

Aliyekalishwa nje ya darasa

Dav Pilkey wa Marekani alikuwa mtoto asiyetulia darasani, na kusoma kulimpa taabu. Mwalimu alimwekea dawati kwenye korido. Huko koridoni akaanza kuchora shujaa mnene anayeruka angani kwa chupi na joho. Mwalimu akachana michoro na kumwonya kwamba upuuzi huo hautamlisha. Mwaka 1997 shujaa yule alitoka kitabuni kwa jina la *Captain Underpants*, na vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni.

Mwaka 2012 na 2013 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliutaja mfululizo huo kuwa wa kwanza kwa kulalamikiwa na watu wazima waliotaka uondolewe kwenye rafu. Nawaelewa wazazi hao. Hakuna anayependa utani wa choo mezani. Lakini nawakumbuka pia watoto wanaokaa dawati la mwisho, wanaosoma neno kwa neno kwa kidole, ambao kila kitabu walichopewa kimewaonyesha tu kwamba hawawezi. Mtoto huyo akimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza maishani, hata kama ni cha chupi, amevuka mto. Cha pili atakiomba mwenyewe.

Tumcheke nani?

Roald Dahl aliishi Dar es Salaam kuanzia mwaka 1938, kijana wa kampuni ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza akaondoka kuwa rubani. Maisha hayo aliyasimulia katika *Going Solo* ya mwaka 1986. Miaka miwili baadaye alitoa *Matilda*, ambamo mtoto mdogo msomaji anamshinda mkuu wa shule katili. Watoto wanakipenda kwa sababu mwenye fimbo ndiye anayechekwa.

Februari 2023 ulizuka ubishi mkubwa Uingereza baada ya mchapishaji wake kurekebisha maneno yanayohusu unene, sura na mengineyo katika vitabu vya Dahl. Baadaye alitangaza kwamba matoleo ya zamani nayo yataendelea kuuzwa. Mimi nisingegusa maandishi ya marehemu. Lakini kwa vitabu ambavyo bado havijaandikwa, msimamo wangu ni huu: mcheke mwenye nguvu anayezitumia vibaya, mcheke mwenye majivuno, na msimulizi ajicheke mwenyewe. Mlemavu, albino, mtoto wa kabila fulani au anayevaa sare yenye kiraka wasiwe kichekesho. Hao wanachekwa vya kutosha uani mwa shule, na kitabu kinapaswa kuwa mahali pa kupumzika.

Punda wa dobi

Jumamosi jioni niliwasomea watoto wa jirani kisa cha punda wa dobi, kimoja kati ya vile ambavyo Edward Steere alivikusanya Zanzibar na kuvichapisha London mwaka 1870. Papa anamchukua Kima mgongoni kwa hila, kumbe Sultani wa kwao Papa anahitaji moyo wa kima kwa dawa. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Akisharudishwa mtini, anamsimulia Papa habari za punda ambaye Sungura alimfuata kumposa kwa niaba ya Simba mgonjwa. Punda akaenda, akararuliwa, akaponyoka. Sungura akamfuata tena, na punda akaenda tena. Safari hii hakurudi. Sungura akala moyo na masikio, na Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa kwamba punda huyo hakuwa navyo.

Mvulana wa darasa la saba aliangua kicheko kabla sijafika kwenye sababu ya Sungura. Wenzake wakamgeukia: nini? Akawaeleza, kwa haraka na kwa mikono, kwamba mwenye masikio na moyo angerudi vipi mara ya pili? Wote wakapasuka. Mdogo kuliko wote akaniomba nianze upya, sasa akijua anakwenda wapi.

Kwa wenye kalamu na wenye rafu

Kwa waandishi wa Kiswahili: kuchekesha ni kazi ngumu kuliko kuliza, na inastahili jasho lenu bora. Andikeni habari za bweni, daladala, simu iliyofichwa, shangazi anayekuja kukaa wiki akakaa muhula. Kwa wachapishaji: wapeni wachoraji malipo ya haki na majina yao yakae jaladani. Kwa waamuzi wa tuzo: kitabu kikikuchekesheni, msikitilie shaka kwa sababu hiyo. Kwa walimu: dakika kumi za mwisho za Ijumaa, someni kwa sauti kitu kisicho na swali la mtihani.

Na kwa yule mama aliyeniuliza: mpe binti yako kitabu cha kuchekesha, kisha usimwulize amejifunza nini. Ukimsikia anacheka peke yake chumbani, jibu umeshalipata.