Batalvi na Uhakiki wa Machozi

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wengi wa ushairi wa Kipunjabi kumfasiri Shiv Kumar Batalvi (1936–1973) kwa wasifu wake badala ya matini zake. Msomaji huelezwa kwamba alipenda akakosa, akazama katika ulevi, akafa angali kijana. Kisha hutajiwa lakabu zake mbili: Sultani wa birha, yaani majonzi ya utengano, na Keats wa Punjab. Hapo uhakiki hukoma. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji wa aina hii ni uvivu uliovishwa joho la huruma.

Kwanza, birha si mali ya Batalvi peke yake. Ni kaida kongwe. Shah Hussain katika karne ya 16 na Bulleh Shah katika karne ya 18 waliitumia kuisawiri nafsi inayomtamani Mola wake. Kuichukulia kuwa shajara ya moyo wa mtu mmoja ni kukosa kuijua fani yenyewe. Isitoshe, mshairi huyu alizaliwa katika kijiji ambacho mgawanyiko wa 1947 ulikiacha Pakistan, naye akahamia Batala, upande wa India, akiwa mtoto. Utengano ulikuwa msiba wa mamilioni kabla ya kuwa wa mpenzi mmoja.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, wasifu umeifunika Loona (1965), tamthilia ya kishairi iliyompatia tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1967. Kisa chake ni cha kale. Loona, binti wa tabaka la chini, anaozwa kwa Mfalme Salwan, ambaye umri umemtupa mkono. Anamtamani Puran, mwana wa mke mwenzake. Anapokataliwa anamsingizia, na kijana anakatwa viungo na kutupwa kisimani. Anayeijua habari ya Yusufu na Zulekha hatashangaa kwamba mapokeo yalimtukuza kijana na kumlaani mwanamke. Ndivyo alivyofanya Qadir Yar katika karne ya 19. Batalvi anaupindua msuko huo. Anauliza ni nani aliyemwoza msichana kwa mtu wa rika la baba yake, na kwa idhini ya nani. Mshtakiwa anakuwa mshtaki, na taasubi ya kiume ndiyo inayopandishwa kizimbani.

Watetezi wa wasifu watajibu kwamba umma wenyewe umemchagua Batalvi wa majonzi, na kwamba waimbaji wakubwa kama Jagjit Singh na Nusrat Fateh Ali Khan wamemwimba hivyo. Ni kweli. Lakini mwimbaji ana haki ya kuchagua shairi limfaalo. Mhakiki hana haki ya kuchagua nusu ya mshairi.

Tena, kuisoma Loona si kumpamba mtunzi wake. Sauti ya mwanamke huyo imetungwa na mwanamume, tena mwanamume aliyebobea katika kuliremba huzuni. Je, Loona anakombolewa, au amepewa tu kilio kitamu zaidi cha kulilia utumwa wake? Hilo ndilo swali linalostahili kujadiliwa, na haliwezi hata kuulizwa na mhakiki anayehesabu chupa na wapenzi wa marehemu. Mshairi amekwisha kuliliwa vya kutosha, sasa asomwe.