Haki ya Kujibu Redioni

Rush Limbaugh, mtangazaji wa siasa wa Marekani, alifariki dunia tarehe 17 Februari, 2021, akiwa na umri wa miaka 70. Kwa zaidi ya miaka 30 sauti yake ilisikika nchini kwake muda wa saa tatu kila siku ya kazi, na vituo vilivyomrusha vilipindukia 600. Wapo waliomlilia na wapo waliofurahi. Sisi hatumo katika matanga wala katika shangwe. Linalotushughulisha ni mlango alioingilia, kwani hakuufungua yeye.

Tangu mwaka 1949 Marekani ilikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vizungumzie mambo yanayowagusa wananchi, na vikishatoa rai ya upande mmoja vitoe na ya upande wa pili. Mawimbi ya hewani yalihesabiwa kuwa ni amana ya umma, si mali ya mwenye mtambo. Mwaka 1987 Bunge lilipitisha mswada wa kuifanya kanuni hiyo kuwa sheria; Rais Ronald Reagan akaukataa, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Tume ya Mawasiliano ikaifuta kanuni yenyewe. Haukupita mwaka mzima. Tarehe 1 Agosti, 1988, Limbaugh, aliyekwisha kuachishwa kazi na vituo kadhaa kabla ya kupata jina mjini Sacramento, akaanza kusikika nchi nzima.

Hatumnyimi sifa yake. Kuzungumza saa tatu karibu peke yako, na watu wasizime redio, ni kipaji. Chama cha Republican kilipolitwaa Baraza la Wawakilishi mwaka 1994, baada ya miaka 40, wabunge wake wapya walimfanya mwenzao wa heshima. Mwaka 2008 alitia saini mkataba uliokadiriwa kufikia dola milioni 400. Fitina, lau ingekuwa biashara ya hasara, isingelipwa hivyo.

Mwaka 2000 iliondoshwa hata kanuni ndogo iliyosalia, ya kumpa nafasi ya kujibu mtu aliyeshambuliwa hewani. Kwa hiyo mwaka 2012, Limbaugh alipomtukana mwanafunzi wa kike wa sheria aliyezungumza mbele ya wabunge, binti yule hakuwa na haki ya kudai hata dakika moja katika kipindi kile. Limbaugh aliomba radhi, lakini baada ya wafanyabiashara kuanza kuondoa matangazo yao. Hakimu akawa ni mwenye duka!

Wako miongoni mwa viongozi wetu wanaoamini kwamba dawa ya ulimi mkali ni kuufunga. Hatukubaliani nao. Kanuni ya 1949 haikumfunga mtu mdomo. Iliongeza kiti cha pili. Ni kweli kwamba vituo vingine viliikwepa kwa kuyakimbia mambo mazito, na kasoro hiyo si ndogo. Nasi tuliomo katika Chama tusijidanganye: kanuni ya namna hiyo hapa Visiwani ingetubana sisi kwanza, maana ndio tunaosikika zaidi. Na itubane. Mwananchi wa Micheweni au wa Makunduchi aliyetajwa kwa ubaya katika taarifa ya habari ya usiku apewe nafasi ya kujibu katika taarifa ile ile, kwa saa ile ile, na kwa sauti yake mwenyewe.