Mwenye milioni 12 Sumbawanga anunue gari la milioni 9

Kati ya Juni na Septemba, fedha za mahindi zinapoingia mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa Ufipa, madalali wa magari nao huanza kupita. Wanachokinadi zaidi kwa mtu aliyeuza vizuri ni yale magari madogo yaliyoinuka: RAV4 ya zamani, Escudo, X-Trail na CR-V. Bei yake huonekana nafuu, gari linang'aa, na mnunuzi hutoa fedha zote alizo nazo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo mtaji wa msimu unaofuata unapopotelea.

Unafuu huo una sababu yake. Gari la kutembelea lililozidi umri wa miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Lakini kiwango hicho cha uchakavu hakipandi tena baada ya miaka 10. Gari la miaka 12 na la miaka 22 hutozwa asilimia ile ile, na la miaka 22 lina thamani ndogo zaidi ya kukadiriwa. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo husukumwa kwenye gari kuukuu zaidi, na gharama ambayo hakuilipa bandarini huja kuilipa gereji.

Katika ukanda wetu ugonjwa wa kwanza ni kuchemsha. Sumbawanga ipo karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, ambao hubana presha. Mfuniko uliolegea springi, ambao Dar es Salaam ungevumiliwa kwa miezi, huku juu huonyesha ubaya wake kwenye mlima wa kwanza. Hewa yenyewe ni nyepesi, na injini isiyo na taboi hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake, kwa hiyo dereva hukanyaga mafuta zaidi kupanda mlima ule ule.

Wapo mafundi wa gereji bubu ambao dawa yao ya kuchemsha ni moja: kutoa themostati na kuitupa. Tunaomba wenye magari waikatae dawa hiyo. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni za baridi kali. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hunywa petroli zaidi na hulika haraka, wakati tatizo lenyewe, liwe rejeta iliyoziba au pampu ya maji, limebaki pale pale.

RAV4 za kuanzia mwaka 2000 zenye injini ya 1AZ zinahitaji tahadhari ya pekee. Bloku yake ni ya aluminiamu, na katika baadhi ya injini hizo nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi hung'oka. Maji hupungua bila tone kuonekana chini ya gari, kisha siku moja mshale wa joto hupanda. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii kitu. Lazima bloku itobolewe upya na kuwekwa nyuzi za chuma, kazi isiyofaa kufanywa chini ya mwembe. RAV4 ya kwanza, ile ya 1994 hadi 2000 yenye injini ya 3S-FE, haina maradhi hayo. Inataka mkanda wa taiming ubadilishwe kwa wakati, na hata ukikatika gari huzima tu, valvu hazigongani na pistoni. Kwa X-Trail za mwanzo uliza juu ya cheni ya taiming na vile vihisio vya injini ambavyo vikifa gari huzima njiani bila taarifa.

Jambo la pili ni tairi. RAV4 hizo za zamani zenye "fowili" huzungusha magurudumu yote wakati wote, na kati ya mbele na nyuma kuna kifaa kinachogawa mwendo. Anayefunga tairi mbili mpya mbele na kuacha vipara nyuma anakilazimisha kifaa hicho kufanya kazi hata kwenye lami kavu, hadi kife. Tairi za gari hilo hununuliwa nne kwa pamoja.

Je, fowili yenyewe inahitajika? Anayeishi mjini na kufanya biashara Laela, Mpui na Tunduma anapita kwenye lami iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa MCC wa Marekani wa 2008 hadi 2013. Huyo anatosheka na gari la kuvuta mbele tu, na ataokoa petroli. Anayeshuka Muze na Ilemba kufuata mpunga na samaki ana hesabu nyingine. Kutoka uwanda wa juu hadi Ziwa Rukwa ni mteremko wa karibu meta 1,000, breki zinaungua, na kurudi ni kupanda ukitokea kwenye joto. Kwa njia hiyo tungechagua Escudo ya kabla ya 2005, yenye chesisi na gia ya nguvu, ijapokuwa inarusha abiria.

Sasa tuhesabu kwa magunia. Tuseme mahindi ni Sh. 600 kwa kilo, yaani Sh. 60,000 kwa gunia la kilo 100. Gari la Sh. milioni 12 ni magunia 200. Likitembea kilometa 15,000 kwa mwaka, kwa kilometa 10 kila lita, litakunywa lita 1,500. Kwa Sh. 3,000 kwa lita hiyo ni Sh. milioni 4.5, magunia 75 mengine. Bei elekezi ya EWURA hubadilika kila mwezi, na umbali wa zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Dar es Salaam tunaulipia sisi. Umbali huo huo umo ndani ya bei ya kila spea.

Robo ya bei ya kununulia, yaani Sh. milioni 3 au magunia 50, ndiyo tunayoona itengwe kwa mwaka wa kwanza: tairi nne, shokapu na bushi, rejeta, pampu ya maji, mkanda, breki na oili. Ndiyo maana tunasema mwenye milioni 12 atafute gari la milioni 9. Dalali atacheka, lakini yeye hatakuwepo Oktoba.

Asiye na haraka anaweza kuyaacha magunia hayo 200 ghalani. Bei ikipanda kwa Sh. 150 tu kwa kilo ifikapo Januari, amepata Sh. milioni 3 za matengenezo bila kugusa mtaji. Bei haipandi kila mwaka, hilo linajulikana. Ila Januari ni katikati ya masika, na gari linalovuja, linalochemsha au lisilovuta kwenye tope ni rahisi kulitambua kuliko lile lililooshwa na kupigwa rangi Julai.