Kucheza Ngoma kwa Kiingereza

Wanachama wenzetu, twataka kusema neno juu ya Kiingereza tunachokiandika pindi tutakiwapo kueleza ngoma au taarabu. Wengi wetu huandika hesabu za ghala bila kosa, walakini tukifika kwenye muziki kalamu hupotea njia. Sababu si ujinga, ila ni wingi wa maana katika maneno yetu wenyewe.

Litazameni neno ngoma. Ni chombo, ni mchezo, tena ni mkutano wa watu usiku. Kadhalika kucheza: watu hucheza mpira, na watu hucheza ngoma. Basi karani akiandika "two hundred people will play the drum", Mwingereza hufahamu kuwa wote ni wapigaji, wala hakuna atakayenyanyua mguu. Maana iliyokusudiwa ni "will dance to the drum", na hilo "to" ndilo lionyeshalo kwamba miguu yafuata mlio. Ombi la ruhusa husomwa na mtu asiyeijua ngoma yenyewe. Akidhani zaja ngoma mia mbili, huikataa kwa hofu ya makelele, na wenye arusi hukosa haki yao kwa neno moja la karani.

Kupiga nako kuna hatari. Sisi twapiga ngoma, zeze, kinanda, hata pasi. Ngoma yaweza kuwa "beaten", lakini kinanda kikiwa "beaten" kimeadhibiwa. "Play" latosha kwa vyote, na "on" likifuata si kosa. Bali "to play with the piano" ni kazi ya mtoto mtundu.

Lililo zito zaidi ni neno letu "za". Twasema nyimbo za Siti binti Saad, yule wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Kwa Kiingereza yatupasa kuchagua: "sung by" tukimsifu mwimbaji, "composed by" tukimtaja mtungaji, "about" ikiwa yeye ndiye aimbwaye. Tukiandika "of" tu, mtungaji aliyekesha akitafuta vina huenda akapotea jina.

Wako watakaosema kwamba Mwingereza ataelewa tu. Labda, naye akiandika Kiswahili twamwelewa, lakini twamcheka.

Na taarabu yenyewe tusiitafutie neno, kwani "concert" halitoshi. Tuandike taarabu, kama wao walivyoandika piano, neno la Kiitaliano, bila kumwomba mtu radhi.